Herufi Tatu za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Nimefungua duka mapema. Majembe mawili yameondoka, panga moja, mbegu za mahindi. Kila anayeingia anauliza mbolea. Wanauliza kama vile nimeificha chini ya kitanda. Nawajibu subirini mwisho wa mwezi.

Jioni kwa Mwalimu Kasiani. Mstaafu, Mhehe, alikuja Songea kufundisha shule ya msingi akasahau kurudi kwao. Ananifundisha Kiingereza barazani kwake, mimi nampelekea sukari na mchele. Mtindo wake ni huu: maneno yanayoanza kwa herufi zilezile yanasomwa pamoja. Wiki jana PRO. Produce, profit, protect, promise. Yameingia. Wiki hii CON. Amesema nijiandae, maana karatasi ya kampuni imejaa hayo.

Karatasi yenyewe: kampuni ya mbolea ya Dar es Salaam inatafuta wakala mmoja wa mjini na vijiji vya karibu. Zamani mbolea ilikuwa ya ushirika, ikija inakuja, isipokuja mnalima na Mungu. Sasa biashara huria. Wamepita madukani, wamelichagua langu. Mkataba ni wa Kiingereza. Na wana sharti lao: anayesaini ndiye anayesoma, kwa sauti, mbele ya mashahidi, kisha anaeleza maana. Wanasema huko walikotoka watu walisaini bila kusoma, mbele ya safari wakaruka kimanga. Siku yetu ni Jumamosi tarehe 22.

Otmari, mume wangu, anasema atasoma yeye na kusaini yeye. Ana kidato cha nne. Mimi la saba.

Duka hili nimelianzisha mimi. Nilianza na mafungu ya dagaa wa Nyasa, chini, juu ya gunia. Yeye wakati huo yuko ofisi ya ushirika, tai shingoni. Ushirika umempunguza, sasa anakaa dukani kwangu anasoma gazeti la juzi. Leseni ina jina langu. Lakini mkataba ukiwa na jina lake, mbolea ni yake. Na duka la pembejeo lisilo na mbolea ni banda la majembe.

Sikubali. Nimeandika ili kesho nisijidai sikusema.


Jumanne, 4 Oktoba

Nanakili ya jana.

Contract, mkataba. Condition, sharti. Consignment, mzigo uliotumiwa ukauze, bado si wako. Confirm, kuthibitisha. Consent, ridhaa. Continue, kuendelea. Consumer, mtumiaji. Mwalimu anasema mlaji. Nani anakula mbolea?

Conceal, kuficha. Confess, kuungama. Haya mawili hayamo kwenye karatasi, nimeyaandika kwa sababu yamenichekesha. Kwetu ukisikia watu wawili wana jina moja unauliza ukoo. Hawa wamefanana pua tu, nyumbani hawasalimiani.

Sasa shida. Nimerudi nyumbani nikashindwa kuyatamka. Hata moja.

Ni jina la baba mkwe. Linaanza hivyohivyo. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hilo linajulikana kwa wengi. Ila ukoo wa Otmari unashika mila ya Kingoni mpaka kwenye ncha: hutamki jina, wala neno lolote linaloanza kama jina. Mama mkwe, marehemu, alinifundisha wiki ile ile nilipoletwa. Kwangu mimi kondoo ni mnyama wa sufu. Kona ni pindo. Konokono ni mwenye nyumba mgongoni. Kanisani wakifika kwenye Mwanakondoo wa Mungu nafumbua mdomo bila sauti. Padri mmoja alidhani nina ugonjwa wa koo. Nimezaa watoto wanne katika ukimya huo na sijateleza.

Kuandika si kutamka. Nimelifikiria hilo muda mrefu, kalamu mkononi. Naandika: Konradi.

Mkono bado upo. Haukukatika. Sitaliandika tena.


Alhamisi, 6 Oktoba

Nimemweleza Mwalimu. Amecheka mpaka chai ikamwagika.

"Babu zenu walikuja na mikuki kutoka kusini huko, nchi nzima inawakimbia. Leo Mngoni anakimbia herufi tatu!"

"Kunywa chai, Mhehe. Ukimaliza urudishe kikombe, nawajua."

Mtani ni mtani, huwezi kumkasirikia. Lakini baadaye akasema kwao nao yapo ya namna hiyo, bibi yake aliliita jua kwa jina jingine maisha yake yote. Tukaendelea na somo. Yeye anatamka, mimi naandika. Anauliza maana, najibu kwa Kiswahili. Kutamka, hapana. Najifunza lugha kwa mkono kama bubu.


Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya misa Otmari alikuwa na furaha ya ajabu. Alinunua nyama. Nikajua kuna jambo.

"Mama Benno, utasomaje wewe? Utasimama mbele za watu uite jina la baba? Mila ni mila."

Hajui hata sifa za ukoo wake. Kaburi la mama yake mara ya mwisho nimelipalilia mimi. Ulanzi, pombe ya mianzi ya tambiko, analipia dada yake. Mila ameikumbuka juzi, kampuni ilipoegesha gari mbele ya duka.

Nikamwomba: basi wewe usome, mimi nisaini, tuwaeleze kampuni sababu. Akasema kampuni haijui mambo ya mila, anayesaini ndiye anayesoma. Hivyo kwangu ni mila, kwake ni kampuni. Kila jua likihama na yeye anahama, awe kivulini.

Nimekasirika mpaka nimeunguza nyama.

Baba mkwe amekula, hakulalamika. Tunaishi naye hapa Mshangano tangu mama mkwe afariki, chumba cha uani. Mimi na yeye hatuongei uso kwa uso. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, nami najisogeza. Chakula naweka juu ya kigoda naondoka. Maneno yanapita kwa Kresensia, binti yangu wa mwisho. "Mwambie mama yako chumvi imetosha." "Mwambie mama yako kuni nimepasua." Hajanikosea hata siku moja. Zamani zile nauza dagaa chini, mawifi wakinicheka sokoni, aliwaambia nikisikia: "Aliyekaa chini haanguki." Mwanawe hajawahi kunitetea hivyo.


Jumatano, 12 Oktoba

Nimepata njia.

Mama mkwe aliniambia: usiliruke neno, tafuta mwenzake. Mkamwana aliyefundwa hana pengo kinywani. Kama niliweza kwa Kiswahili na Kingoni, kwa nini nisiweze kwa Kiingereza?

Nimehesabu kwenye karatasi. Maneno ya CON yanatokea mara kumi na tisa, na mara tisa kati ya hizo ni contract peke yake. Maana yake nikilimudu hilo moja, karibu nusu ya mzigo imeshuka. Nikakaa na kamusi ya Mwalimu.

Contract, nitasema agreement. Condition, term. Consignment, load sent. Confirm, prove. Consent, permission. Continue, go on. Consumer, user. Hakuna hata moja linalofanana pua na jina la Mzee, baba mkwe.

Nimemsomea Mwalimu karatasi yote hivyo. Mara ya kwanza nimesikia sauti yangu kwa Kiingereza. Mbaya, kama bawaba isiyo na mafuta, lakini yangu. Mwalimu kasema maana ni ileile, hakuna kilichopungua.

Leo nimefurahi. Naandika wazi, kwa kuwa siandiki hivyo mara nyingi.


Ijumaa, 14 Oktoba

Bwana Rashidi wa kampuni amepita dukani, yuko njiani kwenda Lusewa kuonana na wakulima wa tumbaku. Kijana, shati la mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Nikamuuliza: msomaji akibadili neno, maana ikabaki ileile, vipi?

"Hapana, mama yangu. Ile inasomwa kama ilivyoandikwa. Nukta na koma."

"Hata neno moja?"

"Neno moja ndilo linatupeleka mahakamani, mama."

Kisha akamgeukia Otmari wakaanza Kiingereza chao, wanacheka. Mimi napima misumari. Katika yote yale nimeambulia jina langu, tena mara moja, katikati ya kicheko.


Jumapili, 16 Oktoba

Nimefikiri kama mfanyabiashara. Mkamwana akiteleza, faini yake inajulikana: jogoo na kitenge. Anapelekewa wifi mkubwa, wifi anawaambia wazee, kwisha. Mke wa mdogo wake Otmari aliteleza akisimulia habari za kondakta wa basi la Njombe, akalipa, watu wakacheka, wakala jogoo pamoja naye. Kwa hiyo ni kitu chenye kipimo. Na kitu ukishajua kipimo chake na siku yake, kwa nini ungoje kudaiwa? Lipa mapema, ulale.

Baada ya misa nimekwenda Maposeni kwa wifi mkubwa, Winfrida. Jogoo mwekundu, mkubwa kuliko anayetakiwa. Kitenge kipya, sijakifungua.

"Karibu wifi. Mbona na jogoo? Umeteleza?"

"Bado."

"Bado?"

"Tarehe ishirini na mbili."

Alicheka, akapiga na kofi. Kisha akaona sicheki. Nikamweleza habari ya karatasi, yote. Akamchukua jogoo, akamfunga miguu, akakiweka kitenge juu ya kiti. Hakunikaribisha chakula. Nikadhani ana haraka.

Nimerudi moyo mwepesi. Nimemaliza.


Jumanne, 18 Oktoba

Sijamaliza.

Wamekuja saa za chakula cha mchana. Winfrida, na mzee Gaspari, mdogo wake baba mkwe, ndiye msemaji wa ukoo. Winfrida kambeba jogoo wangu kwapani. Kitenge kimekunjwa vilevile nilivyokikunja mimi.

Walikaa chumbani kwa Mzee, pamoja na Otmari. Mimi jikoni. Ukuta ni wa matofali mabichi, unasikia kila kitu. Mzee Gaspari hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Faini ni ya aliyeteleza. Mtu anateleza, anaona haya, sisi tunamwinua. Huyu hajateleza. Huyu amepanga siku. Amekuja kununua ruhusa ya kumtukana kaka yangu, na risiti anataka."

Otmari akasema: "Mimi nilimkataza."

Kweli alinikataza. Ila hakusema kwa nini.

Winfrida akasema: "Mimi nikadhani ni utani, jamani. Nikamfunga na miguu."

Nikamsubiri Mzee aseme. Alikohoa tu, na sikujua kikohozi kile ni cha njia au cha kifua.

Jogoo wamemwachia uani. Anawika kama vile hajawahi kuondoka. Chakula cha Mzee kimerudi kama kilivyokwenda. Kresensia ameleta ujumbe: tumbo.

Si tumbo.


Alhamisi, 20 Oktoba

Tumbo tena. Amekunywa uji kidogo, lakini aliupika Kresensia.

Nimepiga hesabu kila upande. Otmari akisaini: Mzee anabaki, ukoo unatulia, mimi nauza majembe na kumwomba mume wangu ufunguo wa ghala nililolijenga. Nikisaini mimi: duka linasimama, na sijui nini kingine kitaanguka.

Nilitaka kumtumia Mzee ujumbe. Nilimwita Kresensia mara mbili. Mara zote mbili nikamwambia akachote maji. Mtu hawezi kuomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulilipia. Ningeanza na ruhusa. Sasa nimechelewa, na mwenye kosa hilo ni mimi, si Otmari. Otmari ana yake.

Winfrida amepita dukani mchana. Hakuingia, amesimama mlangoni na kikapu.

"Wifi, mwache tu Otmari asaini. Mume na mke si kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja, mbona jina liwe lake?"

"Ee, maneno yako! Wewe na hesabu zako, siku moja utaigawa hata nyumba."

Nikarudi kupima misumari. Nauchukia utulivu wa Otmari. Amenyoosha suruali ya Jumamosi tayari. Pasi ya mkaa ameishika mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kujua mkaa unawekwa wapi.


Ijumaa, 21 Oktoba

Mwalimu amenisikiliza nikisoma maneno mbadala, agreement na wenzake, kwa mara ya mwisho. Nikamwambia kampuni imeyakataa. Akasema basi soma ya kwao. Nikamwambia siwezi. Akasema, bila utani safari hii: "Mama Benno, mimi nimekufundisha maana. Kutamka si kazi ya mwalimu."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mdomo umefungwa.


Jumamosi, 22 Oktoba

Imepita. Naandika kabla haijabadilika kichwani.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotaka. Mwenyekiti wa mtaa, wenye maduka wenzangu, wakulima wanaotaka kujua mbolea itauzwa na nani. Nyuma kabisa mzee Gaspari na Winfrida. Baba mkwe hakuja.

Bwana Rashidi akauliza: "Nani anasoma?"

Otmari akasimama. Nami nikasimama. Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Someni kwaya basi!" Bwana Rashidi akaangalia leseni, akasoma jina. Hildegarda. Akaniangalia.

"Leseni ni ya mama. Mama, utaweza?"

Nikasema nitaweza. Otmari alibaki amesimama kidogo, suruali yake imenyooka kama upanga, kisha akakaa.

Karatasi inaanza This contract. Sikuwa hata na mstari mmoja wa kujipasha moto. Nikasema This. Nikasimama hapo. Nadhani nilisimama sana kwa sababu mtu alianza kuguna, na Mwenyekiti akaniuliza kama nataka maji. Nikamwangalia Winfrida. Alikuwa ameinamisha uso, kama mtu anayesubiri kupigwa. Hilo sikulitegemea. Nilidhani atanitolea macho.

Nikalisema.

Sauti ilitoka kubwa, sikuipima. Hakuna kilichotokea. Bati halikuanguka. Baada ya hapo ni kama gunia la juu likishaporomoka, mengine yanafuata. Condition. Confirm. Consumer. Nilikosea sana. Kwenye consignment Bwana Rashidi alinisahihisha, nikarudia, akanisahihisha tena, nikarudia tena. Kila mtu ukumbini amelisikia. Maana nikaeleza kwa Kiswahili, na hapo sikukosea.

Nilipoinua macho viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

Nimesaini. Jina langu, herufi zote. Wakapiga makofi. Furaha sikuiona. Nimejisikia kama mtu aliyeshusha lori peke yake.

Otmari ametangulia nyumbani bila kuningoja.


Jumapili, 23 Oktoba

Amehama.

Winfrida amekuja na pikapu ya jirani yake. Kitanda, godoro, kigoda, sanduku la bati, picha ya mama mkwe. Si vitu vingi. Otmari alimshika baba yake mkono akamwomba abaki, kweli alimwomba, nimeona machozi. Mzee akautoa mkono wake taratibu.

Nilipiga magoti karibu na mlango wa jiko, kichwa chini. Nikasema shikamoo baba. Akaitikia. Marahaba yake ilikuwa ileile ya siku zote, na hiyo ndiyo imeniumiza.

Kisha akamwambia Winfrida, nisikie mimi:

"Mwambie mama Benno sina chuki naye. Angeteleza ningecheka. Ana kazi nzuri, afanye kazi. Lakini mimi nimezeeka na jina moja tu, na nimeona limepelekwa Maposeni, limefungwa miguu kama jogoo. Hapa silali tena."

Winfrida hakurudia. Hakukuwa na haja.

Pikapu ikaondoka. Otmari akaingia ndani. Mimi nimebaki nimepiga magoti mpaka Kresensia akaja kuniinua, nikamkaripia bure.


Jumanne, 25 Oktoba

Otmari: "Umemfukuza baba."

Nikamjibu: "Wewe ulimweka mlangoni awe askari wako. Askari ameondoka."

Tangu hapo kimya. Analala upande wake, nalala upande wangu. Dukani anakuja, anafagia, hajawahi kufagia. Sijui anafanya kwa toba au kwa kujionyesha kwa watu. Siulizi.

Nimekasirika bado. Sijutii kusaini. Hilo naliandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye kwa sababu ya machozi. Ninachojutia ni safari ya Maposeni. Sikumwomba mzee wa watu. Nilimlipa.

Mwalimu amenitumia salamu, anasema wiki hii ni DIS. Nimemwambia nitakuja mambo yakitulia.


Jumatatu, 31 Oktoba

Nimekwenda Maposeni. Dagaa na sabuni. Bila jogoo.

Winfrida amenipokea uani, amenipa kiti, safari hii amenipa na chakula. Kisamvu. Tumeongea habari za mvua. Ndani ya nyumba nikasikia kikohozi, kile cha njia. Nikasimama upesi, nikajisogeza kando ya ukuta, macho chini, kama ninavyopaswa. Nikangoja.

Hakutoka.

Winfrida akasema, "Labda amebadili nia. Kaa ule, wifi."

Nimekula. Nilipoaga, nimeagia mlangoni kwa sauti, shikamoo baba, nakwenda. Jibu lilikuja, lakini chini sana. Winfrida anasema amejibu. Mimi nimesikia kitu, siwezi kuapa.


Ijumaa, 4 Novemba

Lori la kwanza limefika. Dereva akashuka, akamwendea Otmari, akauliza, "Wakala ndiye wewe, mzee?" Otmari akanionyesha kwa kidole. Nikasaini kupokea. Mifuko mia mbili, nimehesabu ikishuka, mia mbili.

Watu walikuwa wanangoja tangu asubuhi. Wa Mshangano, wa mjini, wengine kutoka Maposeni na baiskeli. Nimewaambia kila mmoja kipimo cha ekari, na wasiweke karibu na shina. Mzee mmoja akasema sasa tutakuwa tunakuja kwa mama. Otmari amebeba mifuko mpaka shati limelowa. Mwisho akasema, "Mama Benno, hii ndiyo ya mwisho." Ni maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Nikasema asante.

Mawingu yamejaa upande wa Matogoro. Huenda mvua ikaanza.

Jioni nimepika mwenyewe, Kresensia ana mtihani. Nimechota unga wa ugali, nikarudisha kidogo, fungu la Mzee. Nikaona umepungua mno, nikaongeza. Hesabu hii sijaijua.

Ugali umebaki. Nimeufunika.